Kitambi Changu na Kivuli cha Hitchcock

Kitambi changu kimesemwa sana. Mama mkwe alikisema siku ya kwanza kuniona, daktari anakisema kila mwaka, na wanangu wamekipa jina ambalo sitaliandika hapa. Kwa hiyo shemeji aliponipigia simu akaniambia, "Shem, kuna watu wanakitafuta kitambi kama chako, na zawadi ipo," nilijua kaanza utani wake.

Kumbe kweli. Huyu shemeji, mdogo wake mke wangu, ni mgonjwa wa filamu za zamani, na ugonjwa wenyewe umekaa kwa Alfred Hitchcock, yule Mwingereza mnene wa kipara, suti nyeusi na tai kiangazi na masika. Kutoka kwetu Oakland, California, karibu saa mbili kwa gari, kuna kijiji cha wavuvi kinaitwa Bodega Bay. Huko ndiko mzee alikopiga picha nyingi za nje za filamu yake The Birds mwaka 1962, ile ya ndege wanaoamka siku moja wakaanza kushambulia watu, na mpaka filamu inaisha hakuna anayekuambia kwa nini. Ilitoka mwaka 1963, na wenyeji hawajaiacha ipumzike hadi leo. Safari hii walikuwa na kisherehe cha kumkumbuka, na ndani yake shindano la kivuli.

Kama uliwahi kuona kipindi chake cha televisheni kilichoanza 1955, unakumbuka kinavyofunguka: mchoro wa sura yake kwa ubavu, mistari michache tu, kipua, mdomo wa kubinuka na tumbo. Kisha kivuli chake mwenyewe kinaingia taratibu, kinasimama mle mle ndani ya mchoro. Basi wale watu wa sherehe walitundika shuka jeupe kwenye kamba, wakauchora ule mchoro kwa mkaa, na washindani wanapita nyuma ya shuka jua likiwa mgongoni mwa shuka. Atakayejaa vizuri ndani ya mstari ndiye mshindi.

"Sasa mimi na Mzungu yule wapi na wapi?" nikamuuliza.

"Shem, kivuli cha Mzungu nacho ni cheusi vilevile."

Nikakosa jibu. Nikaenda kuitoa suti yangu ya harusi kabatini. Kifungo kimoja kati ya vitatu kilikubali kufunga, tena kwa kubembelezwa.

Mke wangu naye hakwenda mikono mitupu. Alikaanga sambusa za nyama arobaini, akazipanga kwenye hotpot yake nyekundu, ile aliyopewa na shangazi yake siku anaondoka Tanga. Katika nyumba yetu kuna vitu vinavyoguswa kwa ruhusa: pasipoti, na hiyo hotpot.

Tukaanzia Bodega, mji mwingine mdogo ulio kilomita chache kutoka baharini, maana shemeji alitaka kutuonyesha shule. Jengo la mbao lilijengwa 1873, siku hizi ni nyumba ya mtu. Kwenye filamu unaona kama shule na bandari viko jirani, kumbe mzee alivishona tu kwa mkasi wake. Shemeji akasimama barabarani akatuhubiria. Hapo mbele ya shule, anasema, mwanamke amekaa kwenye benchi anavuta sigara. Nyuma yake kuna vyuma vya watoto kuchezea. Anatua kunguru mmoja. Wanafika wanne, watano. Yeye anavuta sigara yake tu. Anapokuja kugeuka, vyuma havionekani kwa kunguru.

"Sasa hiyo ndiyo siri ya mzee," akaendelea, jasho linamtoka kama imamu wa Ijumaa. "Bomu likilipuka ghafla chini ya meza, watazamaji wanashtuka sekunde kumi na tano, basi. Lakini ukiwaonyesha bomu mapema, na wale walioketi mezani hawajui kitu, umewaweka watu roho juu dakika kumi na tano."

Nikamwambia mimi ni mtoto wa Tanga, kunguru hanibabaishi. Utotoni kunguru aliwahi kuninyang'anya chapati nikiwa nimeikunja mkononi, mlangoni kwetu, shikamoo hakutoa. Leo niogope wa kwenye filamu?

Wakati huo nilikuwa sijawafikiria shakwe.

Bodega Bay shakwe ni wengi, na si wale unaowaona kwa mbali wakielea juu ya ngalawa. Wa huku wana miili ya bata, midomo ya njano yenye doa jekundu, na wanatembea gatini kwa miguu kama wakusanya ushuru. Mmoja alinitazama nikishuka kwenye gari, akaitazama na hotpot. Nadhani mambo yalipangwa pale pale.

Shindano lilikuwa lianze saa kumi na moja jioni. Ikafika saa kumi na moja, ukungu ukaingia. Ukungu wa pwani ile hauna adabu, unaingia kama mgeni asiyebisha hodi na hausemi unaondoka lini. Bila jua hakuna kivuli, kwa hiyo washindani kumi na mmoja tukawekwa nyuma ya shuka, kando ya reli ya mbao ya gati, tusubiri. Wote tumbo mbele, wote suti nyeusi, ungesema msiba wa bwanyenye. Nilikuwa namba saba. Nikasubiri dakika arobaini na njaa yangu, na hotpot nimeichukua mimi kwa kisingizio cha kuilinda.

Nikala moja. Nikala ya pili. Ya tatu nimeing'ata pembe, ukungu ukafunguka, jua likapiga kama taa ya jukwaani, namba zikaanza kuitwa mbiombio kabla halijazama. "Saba!"

Sambusa mkononi. Kuitupa, siwezi, nimelelewa. Kuimeza nzima, nitakufa. Nikaificha mkono wa nyuma, kama mwalimu mkuu aliyeficha fimbo, nikaiacha hotpot wazi pembeni ya reli, nikaingia kwenye nafasi yangu. Spika ikapiga ule muziki wa mtunzi Gounod uliokuwa ukifungua kipindi cha Hitchcock. Nikageuka ubavu, kidevu juu, mdomo nikaubinua, tumbo nikaliachia uhuru ambao halikuwahi kupewa tangu nioe.

Upande wa pili watu wakaguna, "Ooooh."

Nikajua nimewapata.

Mimi naona kitambaa cheupe tu. Wao wanaona kivuli changu, na nyuma ya kivuli changu wanaona reli. Haya nilikuja kuyaona baadaye kwenye simu ya mwanangu, maana alirekodi kila kitu badala ya kumwokoa baba yake. Kwenye reli anatua shakwe mmoja. Anajipanga mbawa. Anatua wa pili. Watu "Ooooh." Mimi nainua kidevu zaidi. Wanafika watatu, wanne, wamejipanga mstari, wote wanatazama mkono wangu wa nyuma, na kwenye shuka ile sambusa inaonekana pembe tatu safi kabisa, kama alama ya hatari barabarani. Mtoto mmoja akapiga ukelele, mama yake akamziba mdomo asiharibu.

Ndipo nikasikia sauti ya mke wangu, kwa Kiswahili, juu ya muziki: "Baba watoto, geuka!"

Nikaona kweli, labda nimekaa upande kidogo. Nikageuka nukta moja, tumbo likae sawa.

"Geuka nyumaaa!"

Sasa nyuma tena? Nikiwapa mgongo si nitatolewa? Nikabaki hapo hapo, msanii kamili.

Shakwe wa kwanza alichukua sambusa na kidole. Kidole alikirudisha. Nikaruka juu, kifungo cha harusi kikafyatuka, na kwenye video unakiona kivuli chake kikipita kama risasi. Wa pili akanitua kichwani, akakaza kucha kwenye kipara. Nikapiga mayowe, "Jamani nakufa! Nakufa ugenini!" Upande wa pili makofi na vifijo, watu wamesimama. Nikashika shuka nijishikize, kamba ikakatika, na nilipowatokea watu uso kwa uso nilikuwa nimeviringishwa na shuka mzima mzima kama maiti anayesubiri kuswaliwa, mchoro wa mzee Hitchcock uko usoni pangu.

Shemeji alikuwa analia. Kwa furaha, mjinga yule. "Dakika nne, Shem! Umewaweka roho juu dakika nne!"

Mshindi alikuwa namba nne, mama mwembamba aliyevaa mto tumboni. Waamuzi waliniambia kwa huruma kwamba kivuli changu kilitoka nje ya mstari kwa vidole vinne. Yaani siku moja maishani kitambi kinatakiwa, na bado ninaambiwa kimezidi. Nikapewa zawadi ya kufariji, kunguru wa plastiki, na kipaza sauti niseme neno. Nikasema "asante", nikamrudishia mtu kipaza sauti chake, maana sauti yenyewe ilikuwa imebaki kidogo. Shemeji akasema hata hapo nimepatia: Hitchcock alishindania Oscar ya mwongozaji bora mara tano, mara zote wakampa mwingine, na walipompa tuzo ya heshima mwaka 1968 alishukuru kwa maneno machache mno akashuka.

Njiani kurudi watoto waliirudia video ile mpaka simu ikaisha chaji. Tulikuwa tumeshapita Petaluma, zaidi ya nusu saa kutoka baharini, mke wangu alipoacha kucheka ghafla.

"Baba watoto. Hotpot yangu iko wapi?"

Shemeji akatafuta mahali pa kugeuzia gari bila kuambiwa.

Tulipofika, giza lilishaanza kuingia na gati tupu. Wote wakabaki ndani ya gari, vioo juu. Nikashuka peke yangu na ule mkono wenye plasta. Hotpot ilikuwa pale pale kando ya reli, tupu, imelambwa ikang'aa kuliko ilivyotoka dukani. Kifuniko kilikuwa hatua tatu mbele, na juu ya kifuniko amesimama shakwe, mguu mmoja, ananitazama.

Nikamwamkia.