Mfungwa akikataa kazi, nini kinampata?

Tarehe 5 Novemba 2024 majimbo mawili jirani huko Marekani, Nevada na California, yalipiga kura siku moja juu ya jambo lile lile, kwamba katiba ya jimbo iendelee kuruhusu mfungwa alazimishwe kazi kama sehemu ya adhabu au kifungu hicho kifutwe. Nevada wakasema kifutwe, kama asilimia 60 hivi. California hoja ya kukifuta ikaanguka, hapana ilipata kama asilimia 53, na kwenye kile kijitabu rasmi cha wapiga kura hakuna hata mtu mmoja aliyewasilisha hoja ya kupinga!

Hii kitu inatoka mbali. Marekebisho ya 13 ya katiba ya Marekani, 1865, yalifuta utumwa ila yakaacha upenyo, isipokuwa kama adhabu kwa aliyetiwa hatiani. Kusini wakaushika huo upenyo hapo hapo, mtu mweusi anakamatwa kwa uzururaji tu, anafungwa, serikali inamkodisha mgodini au shambani, na Alabama iliendelea na biashara hiyo mpaka 1928. Louisiana mpaka leo kuna gereza la Angola, eneo la ekari 18,000 ambalo zamani lilikuwa mashamba ya watumwa, wafungwa wanapangwa mstari na majembe, askari yuko juu ya farasi, malipo senti chache kwa saa, na 2024 ilibidi jaji wa shirikisho aingilie kati ndio mambo ya kivuli na mapumziko kwenye lile joto yashughulikiwe. Kivuli jamani, mpaka mahakamani.

Sasa katiba ya nchi nzima kuibadilisha ni kazi kubwa mno, ndio maana wanaharakati wakaenda jimbo kwa jimbo. Walishinda Colorado 2018, Nebraska na Utah 2020, halafu 2022 Alabama, Oregon, Tennessee na Vermont.

Wanaopinga si watu wabaya wote, tuwasikilize. Wanasema gerezani lazima chakula kipikwe, pafagiwe, nguo zifuliwe, na nje huku kila mtu anafanya kazi ale, kwa nini aliyeumiza watu akae tu? Wanasema pia sehemu ya malipo ya mfungwa inaenda kumfidia aliyemdhulumu. Halafu kuna pesa, 2022 watu wa fedha wa serikali ya California walikadiria kwamba mfungwa akilipwa kima cha chini kama mfanyakazi wa kawaida itakuwa kama dola bilioni 1.5 kwa mwaka, na jaribio la kwanza la kufuta kifungu hicho California likafia seneti ya jimbo. Hiyo ya kupika na kufagia naiheshimu kabisa, mtu kuosha sahani aliyolia chakula hakujawahi kuwa utumwa.

Ila ya pesa haikuhusu kura ya 2024, maana sheria iliyoandaliwa kuambatana nayo ilisema kazi iwe ya hiari na malipo yapangwe na idara ya magereza yenyewe. Na wafungwa hawakimbii kazi, wengi wanaitafuta. Januari 2025 Los Angeles ilipoungua, mamia ya wafungwa walikuwa mstari wa mbele na wazima moto, na kikosi kile mtu anajiunga kwa hiari yake, wakati ule kwa malipo ya msingi ya dola 5.80 mpaka 10.24 kwa siku, siyo kwa saa.

Kwangu swali ni moja tu, akikataa anafanywa nini? Chukua mtu amepangiwa kufua na muda ule ule kuna darasa la kuacha madawa, akienda darasani anaandikiwa ripoti, anapoteza simu za nyumbani, siku alizokuwa amepunguziwa zinarudi, yaani anakaa ndani zaidi kwa sababu alitaka kujirekebisha. Hapo sahani zimeingiaje?

Ndio maana hii orodha ya majimbo yaliyopitisha hainifurahishi sana. Tennessee walifuta utumwa kwa karibu asilimia 80, ila wakaongeza sentensi kwamba hakuna kinachozuia mfungwa kufanya kazi. Utah wakaongeza kwamba katazo haligusi uendeshaji halali wa mfumo wa haki jinai. Louisiana 2022 ilikuwa na maneno ya aina hiyo, mpaka mbunge aliyeuleta muswada mwenyewe akageuka akaomba watu wapige hapana, na ukaanguka. Colorado maneno ni safi kabisa, lakini 2022 wafungwa wakamshtaki gavana wakisema wakikataa kazi bado wanaadhibiwa.

Ile ya California iliyoanguka ndiyo iliyoandika wazi kwamba idara haitamwadhibu mfungwa kwa kukataa kazi, na anayekubali kwa hiari anaweza kupunguziwa kifungo. Kwenye karatasi ya kura lakini neno utumwa halikuwepo, waliandika kutumikishwa bila hiari, kwa Kiingereza cha kisheria, wakati Nevada waliandika yote mawili. Sisi tungeshtuka, mtumwa na kutumikishwa yote yanatoka kwenye tuma, ila mpiga kura wa kule kasoma neno la mahakamani tu akapita. Wakiirudisha, neno utumwa waliweke palepale juu kwenye karatasi, na ile sentensi ya kutoadhibiwa wasiiguse hata herufi.