Mlima mfupi kuliko Nairobi

Mdogo wangu wa Moshi alinicheka nilipomtumia picha. "Mita 974? Kaka, si ungebaki tu hapa nyumbani!" Hakukosea sana. Kilele cha Ben Lomond, mlima wa Scotland nilioupanda mwishoni mwa Novemba, kimepishana kidogo tu na mitaa ya juu ya mji wetu, na Nairobi imeupita mbali. Mimi mwenyewe, mtoto niliyekua nikiitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kila asubuhi, nilikwenda na dharau hiyohiyo.

Sasa nasema wazi: kimo cha mlima ni namba ya kuchapa kwenye fulana. Hakikuambii utachoka kiasi gani, wala kama utarudi salama.

Anza na unakotokea. Ziwa Loch Lomond, lililo miguuni mwa mlima, liko mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Rowardennan, kando ya ziwa, unapanda zaidi ya mita 900 na kuzishuka zote siku hiyohiyo. Siku ya kwanza ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kutoka getini hadi vibanda vya Mandara, haifiki mita 900, na ukifika unalala. Tena begi lako kubwa limebebwa na mgumu, yaani mpagazi.

Kisha kuna jua. Saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya jua lisilobadilika: kumi na mbili linatoka, kumi na mbili linazama. Kule, Novemba ikiisha, linatoka saa mbili na robo hivi na kuzama kabla ya saa kumi. Mwanga wa siku nzima haufiki jumla ya saa nane, na hata wakati wa kiangazi njia ile hula muda wa kama saa tano.

Halafu theluji yenyewe. Ilikuwa ya kwanza ya msimu, imeanguka usiku. Chini tulikuta mvua, katikati majani yamenyunyiziwa kama unga, juu kukawa kweupe kabisa. Nilidhani theluji chache ni afadhali kuliko nyingi. Wapi! Theluji nene iliyoshikana hukubeba. Hii ya kwanza inafunika tu. Chini yake kuna tope ambalo halijaganda, na mawe yenye barafu nyembamba kama kioo. Njumu za chuma za kufunga kwenye buti zilibaki begini, maana zingekwaruza mawe tu. Nilianguka mara tatu. Karibu na kilele, upande wa kaskazini, kuna genge la mwamba, na upepo ulikuwa umeshaanza kurundika theluji ukingoni hadi usijue ardhi inaishia wapi. Mwenzangu, mwenyeji wa huko, alinivuta mkono bila kusema neno.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba hakuna geti. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila kiongozi, na jina lako linaandikwa kitabuni. Scotland, sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea milimani, bure, bila kuulizwa. Naipenda sana haki hiyo. Lakini ina maana kwamba hakuna atakayekuuliza kama una tochi.

Isipokuwa mwenzangu. Tukishuka, saa nane kasoro, tulikutana na vijana wawili waliovaa raba, wanapanda. "Bado mbali?" wakauliza. Naye akawauliza: "Mna tochi?" Wakaonyesha simu, moja ilikuwa na chaji asilimia 19. Baada ya ubishi kidogo wakageuka nasi. Mmoja alinung'unika njia nzima hadi maegeshoni, na sikumlaumu. Kilele kilikuwa kimebaki kama mita 200 tu.