Pena Iliyozama Tumboni mwa Buzuki

Kwa kuwa rafiki yangu wa Tanga ameshawatumia ile video aliyoiita "kayamba la Kigiriki", naomba nami nisikilizwe kabla haijawafikia wakwe zangu.

Mnaoujua udi wa taarabu mtanielewa upesi: matundu yake huzibwa kwa nakshi na risha yake ni ndefu, hivyo mkono ukiteleza hakuna kinachopotea. Buzuki, ala ya nyuzi ya Kigiriki, lina tundu wazi, na pena, yaani risha yake, ni kipande kidogo tu cha plastiki. Hilo mwalimu wangu wa Piraeus, Ugiriki, hakulitaja, maana alishughulika kunikaripia kwamba Hitzaz yangu, ule mpangilio wa sauti za muziki, inanukia Unguja, kwa kuwa nimezoea kuiteleza sauti ya pili, ilhali shingo ya buzuki ina vyuma vinavyoikata kila sauti mahali pake.

Jumamosi, katika taverna, mkahawa wa Kigiriki, nikapewa heshima ya kufungua kwa taksimi, ule utangulizi unaobuniwa papo hapo, usiofuata mapigo, kabla ya wimbo kuanza. Mzee mmoja alikuwa ameshasimama kucheza zeibekiko, ngoma ya mapigo tisa ambayo mchezaji huachiwa uwanja peke yake, na wenzake wamepiga goti wakingoja kumpigia makofi. Nikaanzia sauti ya Re, nikagusa Mi bemoli, nikaruka kwenda Fa diyezi, na katika mruko huo, ambao ndio utamu wote wa Hitzaz, pena ikanichomoka vidoleni. Niliiona. Iligonga ukingo wa tundu, ikasimama wima kana kwamba inashauriana na nafsi yake, kisha ikazama. Mzee akabaki ametanda mikono, macho amefumba, mguu mmoja hewani.

(Ndiyo, ningeweza kupiga kwa kidole. Mmeshaniambia, ahsanteni.)

Mimi nikalipindua buzuki, tundu chini, nikalitikisa juu ya mapaja: cha-cha, cha-cha, cha-cha, cha-cha-cha. Pena haikutoka, nikatikisa tena vilevile. Hesabuni wenyewe, ni tisa. Mzee naye alihesabu. Akaushusha mguu, akazunguka polepole, akagusa sakafu kwa kiganja, na waliopiga goti wakaanza makofi. Ningeachaje kutikisa?

Yaliyofuata hayana uzito: mwalimu akaniazima pena yake, wimbo ukapigwa, bili ikalipwa. Yangu bado imo ndani, na kila nikipiga uzi mnene wa Re inalia. Mwalimu anataka nilipeleke buzuki kwa fundi. Yule mzee amekataza.