Karibu Mji Mzee

Mwezi uliopita nilipewa kijikaratasi cha kutangaza matembezi ya wageni hapa Mombasa. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili, na juu kabisa, kwa herufi kubwa: KARIBU MJI MZEE. Nilicheka hadi aliyenipa akanuna. Kufungua ndani nikakuta "milango wazee", hapo kicheko kikaisha. Nadhani najua ilivyokuwa: mtu alifungua programu ya tafsiri kwenye simu, akaandika "old", simu ikamjibu "mzee", naye akaenda zake kula.

Uzee ni wa kilicho hai. Mtu huzeeka, punda huzeeka, na mbuyu uliokaa sana tunauita mkongwe. Mji ni wa kale. Ndiyo maana tukasema Mji wa Kale, ingawa wenyewe kwa wenyewe hata hilo hatulisemi sana. Mtu atakwambia yuaenda Kibokoni, mtaa wa humo humo, basi. Ngome ya Wareno ilianza kujengwa mwaka 1593, na mwaka 2011 UNESCO wakaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Miaka mia nne na ushei, na sijamsikia mtu akisema ngome imezeeka.

Mwingereza neno hilo analitumia kwa kila kitu. Hata mtoto mchanga humpa uzee: akiwa na miezi sita, basi ni "old" miezi sita. Sisi twasema ana miezi sita, mtoto tukamwacha na utoto wake. Halafu mtu akuambie kwa Kiingereza amekutana na "old teacher" wake sokoni. Ni mwalimu mzee, mwenye mvi na bakora? Au ni mwalimu wake wa zamani, ambaye pengine hata arobaini hajafika? Au ni mwalimu mkongwe, aliyeshika chaki miaka thelathini? Kwa Kiingereza unaweza kusema ukapita bila kuamua. Kwa Kiswahili huna pa kujificha, lazima useme ni yupi.

Na kwa watu ndiko kwenye mitego. Nyanya yangu alikuwa hataki kuitwa mzee. "Mimi ni mtu mzima," alikuwa akisema, na ukijisahau ukatamka ajuza mbele yake, chai hiyo hunywi. Mtu mzima! Fikiria simu ile ingelifanya nini na maneno hayo. Lakini kijana wa makanga akimwita babangu "mzee" ili amsogezee kiti, hilo ni heshima, na babangu husogea akitabasamu.

Nenda kwa muuza madafu kule Mama Ngina, kando ya bahari, ndiyo utajua lugha hii haina mchezo na umri wa vitu. Nilisimama pale na mgeni mmoja, akashika moja, akauliza kwa Kiingereza kama hili ni "old". Muuzaji hata hakumtazama. Alilitikisa sikioni, akalirudisha kwenye mkokoteni: "Hilo koroma." Alikuwa amemaliza. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: kila hatua ina jina lake, na anayekuuzia koroma kwa bei ya dafu amekuibia. Mgeni wangu alitaka nimfasirie. Nikamwambia limeshapita dafu, halijawa nazi, akaniangalia kama nimemtegea kitendawili.

Jikoni nako hivyo hivyo. Wali wa jana si mzee wala si wa zamani, ni mwiku, na ukipashwa vizuri asubuhi na chai ya maziwa mimi siubadilishi na mkate wowote. Tui likilala, limechacha. Leso iliyofuliwa mpaka jina, yale maandishi yake, halisomeki ni kuukuu.

Hilo la kuukuu ndilo linalonikalia moyoni, kwa sababu kuukuu na kale kwa Kiingereza ni neno lile lile, na hapa mjini kati ya hayo mawili kuna nyumba nzima. Jirani yangu alikuwa na mlango wa nakshi, wa babu yake. Miaka yote nimemsikia akiulalamikia: mlango mbovu, kuukuu, mchwa wameumaliza kwa chini, siku moja utamwangukia mtoto. Mkewe alikuwa akianikia juu yake shuka za kitanda. Akaja bwana mmoja wa kununua vitu, akapitisha kidole gumba kwenye yale maua ya mbao, polepole, akasema maneno mawili tu: "Wa kale." Jirani akanyamaza. Kisha akaita shuka ziondolewe, na sauti aliyotumia kutaja bei ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, kana kwamba yeye ndiye aliyeuchonga.

Simlaumu, ada za shule hazingoji. Lakini nilimuuliza baadaye: ami, si ulisema kuukuu? Akanijibu, "Kwangu ulikuwa kuukuu. Kwake wa kale."

Mlango uliondoka kwa mkokoteni, umefungwa kwa magunia. Pale mlangoni sasa kuna bati, na kusi likivuma linagonga usiku kucha.