Meli ya Kitalii au Nchi Kavu: Kuipima Safari ya Mediterania kwa Saa

Wanaopendekeza safari za meli za kitalii katika Bahari ya Mediterania wana hoja moja wanayoirudia sana, nayo ni kwamba meli humpa msafiri mengi kwa bei moja: kitanda, milo, burudani za usiku, na miji sita au saba ndani ya wiki moja, bila yeye kufungua na kufunga sanduku kila baada ya siku mbili. Wanaopendelea nchi kavu hujibu kwamba anayesafiri hivyo haioni Ulaya, anapita tu kando yake. Kila upande una haki yake, ila mjadala huu mara nyingi huishia kwenye bei na starehe, ilhali kitu adimu zaidi kwa msafiri anayetoka Nairobi, Dar es Salaam au Muscat ni muda. Ana likizo ya wiki mbili, ana viza iliyohesabiwa siku, na pengine safari ya pili haitapatikana kwa miaka mingi. Kwa hiyo naona ni haki zaidi kuzipima safari hizi kwa saa ambazo msafiri anakuwa kweli mahali alipokusudia kwenda.

Kwa kipimo hicho, meli ina ubora mmoja mkubwa ambao wapinzani wake huupuuza: husafiri usiku. Abiria analala Marseille ikiwa nyuma yake na kuamka Genoa ikiwa mbele yake, na mwendo wote huo haujala hata saa moja ya mchana wake. Ziko pia njia ambazo nchi kavu haiwezi kushindana nazo hata kidogo. Anayetaka kuona Naples, Palermo na Valletta kwa safari moja atalazimika kupanda ndege au kivuko, kwa maana Malta ni kisiwa na Sicily ni kisiwa. Visiwa vya Ugiriki ni vivyo hivyo: kivuko kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hadi Santorini huchukua kati ya saa tano na nane kulingana na chombo, na anayetaka kuongeza Mykonos na Rhodes atatumia sehemu kubwa ya likizo yake akisubiri gatini.

Zaidi ya hayo, meli huwafaa sana wanaosafiri na wazee. Mama mwenye maumivu ya magoti hapandi ngazi za stesheni wala haburuti mzigo kwenye barabara za mawe. Lifti ipo, daktari yupo ingawa huduma yake hulipiwa, na siku asiyojisikia kushuka anabaki akiitazama bahari huku vijana wakienda mjini, kisha wote wanakutana mezani jioni. Familia ya vizazi vitatu iliyowahi kujaribu kutembea pamoja katika mji mgeni inaelewa thamani ya mpango huo.

Kuhusu bei sitakaa sana. Bei ya tangazo mara nyingi haihusishi bahashishi ambayo kampuni nyingi hutoza kwa kila mtu kwa kila siku, wala vinywaji vingi, intaneti, na ziara za bandarini ambazo ndizo zilizomtoa mtu nyumbani. Anayesafiri peke yake hulipishwa karibu kama watu wawili kwa sababu vyumba hupangiwa bei ya watu wawili. Tena, kwa kuwa meli haisubiri ndege iliyochelewa, mtu makini hufika siku moja kabla na kulipia hoteli. Baada ya kujumlisha hayo yote, unafuu wa meli hupungua, ingawa kwa watu wawili wanaoshiriki chumba nje ya msimu wa kilele bado unaweza kuwapo.

Tatizo kubwa zaidi limo ndani ya ratiba. Tangazo huandika Roma, lakini meli hutia nanga Civitavecchia, mji wa bandari ulio takriban kilomita 70 hadi 80 kutoka Roma. Tuseme meli imefunga gati saa 1:00 asubuhi na itaondoka saa 1:00 jioni, hivyo kwenye karatasi mtu anasoma saa 12 za Roma. Kuna foleni ya kushuka, kuna basi la kuwatoa abiria ndani ya bandari, kuna kufika stesheni na kusubiri treni, kisha mwendo wa saa moja hivi. Akiwa mwepesi, atakanyaga Roma karibu saa 4:00 asubuhi. Jioni anatakiwa awe melini nusu saa hadi saa nzima kabla ya kung'oa nanga, na hakuna mwenye akili timamu atakayepanda treni ya mwisho inayomtosha, kwa hiyo ataanza kurudi saa 10:00 alasiri. Zimebaki saa sita, na ndani yake anataka Colosseum, Makumbusho ya Vatican, chakula cha mchana na foleni zake zote. Kama siku ya Roma imeangukia Jumapili, Makumbusho ya Vatican hufungwa, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi ambapo kuingia ni bure na umati ni mkubwa mno. Kwa Florence hali ni hiyohiyo: meli huishia Livorno, na jumba la sanaa la Uffizi hufungwa Jumatatu. Msafiri wa nchi kavu angesogeza ziara yake hadi kesho yake. Abiria wa meli hana kesho yake.

Santorini, ambayo ndiyo hoja nzuri zaidi ya meli, nayo ina shida yake. Meli kubwa haziwezi kufunga gati pale. Hutia nanga katikati ya ghuba iliyochimbwa na mlipuko wa volkano, na abiria huvushwa kwa boti hadi chini ya jabali. Kutoka hapo kwenda mji wa Fira ulio juu kuna kigari cha waya, au ngazi karibu 600, au punda. Meli kadhaa zikifika siku moja, maelfu ya watu hupanda pamoja na, jambo baya zaidi, hushuka pamoja, kila mmoja akiiangalia saa yake kwa sababu boti ya mwisho ina muda wake.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha, nalo ni jioni. Miji ya Mediterania wakati wa kiangazi hupumua baada ya jua kupungua makali. Mchana maduka mengi madogo hufungwa na watu hujificha joto. Jioni familia nzima hutoka kutembea, viti hujaa vibarazani, na huko Hispania watu hukaa kula saa 3:00 au 4:00 usiku. Mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa anajua mji wa pwani una uso gani baada ya alasiri, baraza zikishajaa na Forodhani ikishawasha moto wa mishikaki. Sasa meli nyingi huondoka bandarini katika saa hizohizo. Ratiba humpa abiria mji kwenye joto kali na msongamano mkubwa, kisha humwondoa pale wenyeji wanapotoka nje. Zipo safari chache ambazo meli hulala bandarini usiku mmoja, na kwa maoni yangu hilo ni la kulitazama kwenye ratiba kabla ya kutazama idadi ya mabwawa ya kuogelea.

Hata hivyo, nchi kavu nayo si njia ya mteremko. Treni za mwendo kasi zimerahisisha mengi: Roma hadi Florence ni saa moja na nusu hivi, Florence hadi Venice ni kama saa mbili, na kilomita 621 za Barcelona hadi Madrid humalizika kwa saa mbili na nusu. Lakini muda wa treni si muda wa safari. Hoteli hutaka chumba kiachwe asubuhi na kupokea wageni alasiri, sanduku linavutwa juu ya mawe, na Venice lina madaraja ya ngazi kila mahali, hivyo kila kuhama mji hula nusu siku. Anayepanga miji saba kwa siku kumi akitumia treni anakwenda kwa mwendo wa meli bila kuwa na kitanda cha meli, na hasara yake ni ya pande zote mbili. Anayekodi gari Italia ajue kwamba katikati ya miji mingi ya kale kuna maeneo yaliyozuiwa magari yasiyo na kibali, kamera hupiga picha namba, na faini humfuata mtu nyumbani miezi baadaye. Joto la Julai na Agosti ni la kuogopwa. Katika miaka ya karibuni, Acropolis ya Athens, kilima cha mahekalu ya kale, imewahi kufungwa saa za mchana kwa ajili hiyo.

Malipo ya usumbufu huo ni kuufikia ule upande wa Ulaya usio na bandari. Chukua Andalusia, kusini mwa Hispania. Msikiti mkuu wa Córdoba, ulioanza kujengwa mwaka 785 chini ya mtawala Mwislamu Abd al-Rahman wa Kwanza, una nguzo zaidi ya 850 zenye matao ya mistari myekundu na myeupe. Mji ulipotekwa na Wakristo mwaka 1236, msikiti ukafanywa kanisa, na hadi leo ni kanisa kuu ambamo Waislamu hawaruhusiwi kuswali. Msomaji wa pwani anayesimama chini ya matao yale ana mengi ya kuwaza, na dakika 40 za ziara ya basi hazimtoshi. Alhambra, ngome ya kale ya Granada, ni kama hivyo. Tiketi yake huandikwa jina na namba ya hati ya kusafiria, ina nusu saa maalumu ya kuingia kwenye makasri ya Wanasri, ukoo wa Kiislamu uliotawala hapo, na katika msimu huisha mapema sana. Kutoka bandari ya Málaga hadi hapo ni zaidi ya kilomita 120, kwenda tu bila kurudi. Kwa anayelala Granada, saa ya tiketi ni moja tu kati ya saa nyingi alizo nazo. Chakula pia ni rahisi zaidi, kwani halali inapatikana waziwazi Granada, Marseille na Paris, wakati melini mara nyingi hutegemea maombi ya mapema, na si kila kampuni huyakubali.

Viza ni suala ambalo wasomaji wa Ulaya hawalifikirii, lakini kwetu laweza kuamua kila kitu. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, sasa lina nchi 29; ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari haipaswi kuwa chini ya yuro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa zaidi. Anayelala Italia usiku nane na Ufaransa usiku miwili anajua ubalozi wa kwenda, lakini abiria wa meli inayogusa kila nchi siku moja anarudi kwenye kanuni ya nchi ya kwanza kuingia, na ni lazima aieleze ratiba hiyo vizuri kwenye fomu. Hatari kubwa zaidi ni meli inayotoka nje ya Schengen na kurudi: kutoka Athens kwenda Kusadasi, Uturuki, kisha tena Ugiriki, au kutoka Dubrovnik, Kroatia, kwenda Kotor, Montenegro. Viza ya kuingia mara moja huwa imekwisha kazi pale tu meli inapovuka. Kampuni hukagua hati gatini siku ya kwanza, na asiyekamilisha huachwa bila kurudishiwa nauli.

Miji yenyewe nayo imetoa maoni yake. Tangu Agosti 2021 Venice imezuia meli kubwa kupita Mfereji wa Giudecca. Dubrovnik imeweka kikomo cha meli mbili kwa wakati mmoja. Ugiriki ilianza mwaka 2025 kutoza yuro 20 kwa kila abiria wa meli ya kitalii anayeshuka Santorini au Mykonos katika msimu wa kilele. Malalamiko yanafanana: watu maelfu hufika kwa pamoja, hujaza vichochoro, hurudi kula na kulala melini. Wenye meli hujibu kwamba bandari hulipwa ada na waongozaji wageni hupata kazi, na hilo ni kweli. Lakini Venice, ilipoanza mwaka 2024 kutoza wageni wa mchana yuro 5 katika siku zilizochaguliwa, iliwaondolea ada hiyo wanaolala hotelini mjini. Mwenye nyumba ya wageni Stone Town angepanga hivyohivyo, maana anajua tofauti ya mgeni wa siku tatu na mgeni wa saa tatu.

Kwa hiyo, kwa anayekwenda mara ya kwanza akiwa na miguu yenye nguvu, ningemshauri nchi kavu: nchi moja au mbili, miji mitatu au minne, na tiketi ya ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, ili asipoteze siku akirudi alikoanzia. Kwa anayesafiri na wazazi, au anayevitamani visiwa vya Ugiriki, meli ina haki ya kuchaguliwa bila kuona haya, hasa Mei, Septemba au Oktoba, na hasa ile inayokaa bandarini hadi usiku.

Anayetaka usiku wa baharini tu, bila kununua ratiba nzima, ana kivuko. Kutoka Piraeus vyombo huondoka jioni na kufika Heraklion, Krete, alfajiri, na ipo njia ya Barcelona hadi Civitavecchia inayochukua karibu saa 20. Kuna vyumba vya kulala, nauli yake haifanani na ya meli ya anasa, na ukishashuka hakuna anayekusubiri gatini akiwa na saa mkononi.