Trinity ni nzuri, lakini msiishie hapo

Watu wetu wakifika New York ratiba ni ile ile: Sanamu ya Uhuru, fahali wa shaba, soko la hisa, kisha picha mbele ya Trinity Church, pale Wall Street inapoishia Broadway. Sina ugomvi na picha. Ugomvi wangu ni kwamba wengi huondoka wakiamini wameliona kanisa la kihistoria la Waepiskopali wa mji ule, kumbe wameona nusu tu. Nusu ya pili iko Harlem, kaskazini mwa mji, mtaa wa 134 Magharibi, inaitwa St. Philip's, na mimi nasema hiyo ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu.

(Kwa asiyewajua, Waepiskopali ndio Waanglikana wa Marekani. Baada ya kumfukuza mfalme wa Uingereza wasingeweza kuendelea kuapa utii kwake kanisani, wakajitegemea na kujipa jina jingine. Mwanglikana wa Mkunazini, Zanzibar, au wa Namirembe, Kampala, akiingia humo ibada haitampotea.)

Trinity tusiinyime haki yake. Parokia ilipata hati ya kifalme mwaka 1697, na kanisa la kwanza lilijengwa kwa misaada ya kila aina ya mtu. Mmoja wao ni Kapteni William Kidd, yule aliyekuja kunyongwa London mwaka 1701 kwa uharamia: alitoa kapi na kamba zake zitumike kupandishia mawe. Muda si mrefu akawa huku kwetu, kisiwa cha Mwali katika Komoro, amepandisha merikebu ufukweni kuisafisha huku mabaharia wake wakifa kwa maradhi. Bahari ya Hindi na Wall Street zilikuwa karibu kuliko tunavyodhani. Miaka hiyo hiyo ya 1690 matajiri wa New York walikuwa wakituma meli Madagaska kununua watumwa.

Kanisa hilo la kwanza liliungua katika moto mkubwa wa 1776. La pili likalemewa na theluji, paa likaanza kushindwa, akaitwa Richard Upjohn kulikarabati. Huyu alikuwa Mwingereza aliyeanzia kwenye useremala wa samani. Alipolikagua akashauri livunjwe. Alilojenga yeye likafunguliwa mwaka 1846, nalo ndilo lililopo: mtindo wa gothiki, ule wa matao yaliyochongoka, jiwe la mchanga la rangi ya kahawia kutoka Little Falls, New Jersey, na mnara uliochongoka wenye futi 281, kama mita 86. Hadi mwaka 1869 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo Marekani nzima. Leo majengo ya mabenki yameuzunguka mpaka unaonekana umebanwa kama mtoto kwenye daladala.

Ingia ndani uinue macho. Matao yanapanda, yanakutana juu, yanasukana, na utaapa ni mawe. Si mawe. Ni lipu iliyopigwa juu ya fito za mbao. Wapenda gothiki halisi hukunja uso wakisikia hivyo, lakini mimi dari lile nalipenda. Seremala alifanya useremala wake, na paa halimlemei mtu.

Tatizo langu na Trinity liko nje, makaburini. Wageni hujazana kwenye kaburi la Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, wakitoka hapo labda la Robert Fulton, yule wa meli za mvuke. Wasichoambiwa ni kwamba mwezi Oktoba 1697 wazee wa kanisa waliamua kwamba mtu mweusi asizikwe ndani ya mipaka ya makaburi hayo. Waafrika wakapeleka maiti zao nje ya mji, kwenye kiwanja kisichotakiwa na mtu. Mji ukakua, ukafukia, ukajenga juu yake, ukasahau. Mwaka 1991 serikali ilipochimba msingi wa jengo la ofisi hapo 290 Broadway, mifupa ikatokea. Iliyotolewa ni ya watu 419, na wote walizikwa upya mwaka 2003. Waliobaki chini ya mitaa hukadiriwa kufika maelfu.

Mmoja wa wale waliotolewa alikuwa mwanamke mtu mzima, meno yake yamechongwa, na kiunoni ana shanga zaidi ya mia. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa shanga za kiunoni ni nini. Alizikwa nazo ng'ambo ya bahari, katika mji wa bwana wake, na bwana huyo hakufanikiwa kumvua.

Najua nitajibiwa kwamba zama zile kila mtu alikuwa hivyo. Sawa. Lakini tangu 1704 mwalimu Elias Neau alikuwa akiwafundisha watumwa wa mji huo huo katekisimu ya Kianglikana. Mtu aliyefaa kufundishwa na kubatizwa, kwa nini asifae kuzikwa? Kanisa la Mkunazini lilijengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa 1873, na halikufichi jambo hilo, unaambiwa unapoingia. Soko la watumwa la New York lilifunguliwa 1711 mwisho wa pili wa Wall Street, kando ya mto, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Trinity. Usanifu wa Upjohn, pamoja na uzuri wake wote, hausemi neno juu ya hilo.

Sasa St. Philip's. Mwaka 1809 waumini weusi waliokuwa chini ya Trinity walianza kusali peke yao, na kufikia 1818 wakawa parokia. Kasisi wao, Peter Williams Mdogo, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata upadre wa Kiepiskopali New York. Mwaka 1834 kundi la Wazungu wenye hasira lilivamia kanisa lao na kulivunjavunja. Askofu, badala ya kumkingia kifua kasisi wake, akamtaka ajitoe katika chama cha kupinga utumwa. Na dayosisi ikawanyima kiti katika mkutano wake mpaka 1853. Hawakuhama dhehebu. Hapo ndipo mimi huwavulia kofia.

Walihama mitaa tu, wakipanda kaskazini kidogo kidogo, mpaka Harlem. Jengo la 1910 hadi 1911 lilichorwa na Vertner Tandy na George Foster, na Tandy ndiye msanifu majengo mweusi wa kwanza kusajiliwa katika jimbo la New York. Halina mnara wa kushindana na mawingu. Ni matofali membamba ya rangi ya chungwa, matao yaliyochongoka na uso wa pembetatu, limekaa mstari mmoja na nyumba za jirani. Ni gothiki ile ile ya Upjohn, ila imechorwa na wajukuu wa watu waliokatazwa kuzikwa kule chini.

Halafu wakafanya jambo ambalo makanisa yetu yenye viwanja vya kukodisha maduka yangelitafakari. Mwaka 1911, chini ya kasisi Hutchens Bishop, parokia ilinunua majengo kumi ya kupangisha mtaa wa 135 kwa dola 640,000. Wapangaji walikuwa Wazungu watupu. Weusi wakafunguliwa milango. Trinity nayo ni tajiri, tena kwa ardhi aliyoipa Malkia Anne mwaka 1705, na leo mali yake inahesabiwa kwa mabilioni. Yule alipewa, hawa walinunua.

Treni namba 2 au 3 inayosimama Wall Street ndiyo inayokufikisha mtaa wa 135. Ukiwa na asubuhi moja tu, anzia 290 Broadway, pita Trinity utazame dari, kisha panda treni. Kaburi la Hamilton utaliona ukipita.