Nani anayekua Maycomb?

Mwaka 1966 bodi ya shule ya Kaunti ya Hanover, Virginia, iliamuru riwaya ya To Kill a Mockingbird iondolewe shuleni kwa madai kwamba haina maadili, kwa kuwa kisa chake kinagusa ubakaji. Mwaka 2017 wilaya ya shule ya Biloxi, Mississippi, ikaitoa kwenye masomo ya darasa la nane kwa sababu ya lugha, hasa tusi la kibaguzi ambalo wahusika hulitamka bila kupepesa macho. Mwaka 2022, huko Mukilteo katika jimbo la Washington, ilitolewa kwenye orodha ya vitabu vya lazima, na safari hii waliolalamika walikuwa walimu wanaopinga ubaguzi. Hoja yao ni kwamba riwaya inamtukuza Mzungu mwokozi na kuwaacha Weusi bila sauti. Lalamiko la kwanza halina uzito, la pili linaeleweka, na la tatu ndilo la kujibu, maana limetoka kwa watu waliokisoma kitabu.

Kwa asiyekijua: Harper Lee, mzaliwa wa Monroeville, Alabama, alikichapisha mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikatwaa tuzo ya Pulitzer. Msimulizi ni Scout, binti mdogo wa mji wa kubuni wa Maycomb katika miaka ya 1930. Baba yake, Atticus Finch, ni wakili aliyepewa na jaji jukumu la kumtetea Tom Robinson, Mweusi anayesingiziwa kumbaka Mayella Ewell, msichana wa Kizungu fukara wa kutupwa. Ushahidi hausimami. Mayella alipigwa zaidi upande wa kulia wa uso, na mkono wa kushoto wa Tom umelemaa tangu alipokuwa mtoto, uliponaswa na mashine ya kuchambulia pamba. Anayetumia mkono wa kushoto ni baba yake Mayella. Hata hivyo juri, yaani jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, linamtia Tom hatiani.

Kinachommaliza Tom ni neno moja. Mwendesha mashtaka anamuuliza kwa nini alikuwa akimfanyia Mayella kazi za bure, naye anajibu kwamba alimhurumia. Ukumbi mzima unashtuka. Mweusi amhurumie Mzungu? Hapo Lee anauonyesha ubaguzi vizuri kuliko hotuba yoyote: fukara wa mwisho wa Maycomb bado ana kitu kimoja cha kujivunia, nacho ni kwamba Tom yuko chini yake.

Wakosoaji hawabishi kwamba ukurasa huo una nguvu. Wanauliza Tom anabaki na nini baada yake, na jibu ni karibu hakuna. Anatoa ushahidi, anahukumiwa, kisha anauawa kwa risasi gerezani, mbali na macho yetu. Tazama habari hiyo inavyomfikia mkewe, Helen. Atticus anafika nyumbani kwake na wavulana wawili ndani ya gari. Watoto Weusi wanacheza gololi uani kwa Tom. Helen anamwona Atticus anavyokuja, anaanguka chini kabla hajaambiwa lolote. Nasi hatulioni tukio lenyewe. Dill, rafiki wa watoto wa Finch, ndiye aliyeliona, kisha akamsimulia Scout, naye Scout anatusimulia sisi. Msiba mkubwa kuliko yote katika kitabu unatufikia kwa mkono wa tatu, kupitia watoto wawili wa Kizungu, na baada ya hapo hadithi inageukia mambo mengine.

Kuna la kisheria pia. Mwezi Aprili 1935 Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu ya Clarence Norris, mmoja wa vijana tisa Weusi wa kesi ya Scottsboro, waliosingiziwa kuwabaka wanawake wawili wa Kizungu huko Alabama, kwa sababu Alabama ilikuwa ikiwazuia Weusi kuingia kwenye juri. Kwa hesabu ya wasomaji wengi, kesi ya Tom inaangukia kiangazi cha mwaka huohuo, katika jimbo hilohilo. Atticus anapomfafanulia mwanawe Jem habari za juri, anagusia kwamba wanawake wa Alabama hawaruhusiwi kukaa humo. Hoja ya Weusi, ambayo wakili makini angeishikia bango, haipewi nafasi. Profesa wa sheria Monroe Freedman alimshambulia Atticus mwaka 1992 kwa jambo la jumla zaidi: mwanasiasa na wakili aliyeishi maisha yake yote ndani ya mfumo huo bila kuupinga, hadi jaji alipomkabidhi kesi. Wengi walimkasirikia Freedman. Kisha mwaka 2015 ikatoka Go Set a Watchman, riwaya nyingine ya Lee iliyoandikwa kabla ya hii, ambamo Atticus mzee anahudhuria kikao cha watetezi wa utengano wa Weusi na Wazungu. Freedman hakuwa mbali sana na ukweli.

Hata hivyo naona wakosoaji wanamsamehe Scout haraka mno, na watetezi wake pia. Wote wanamchukua kama jicho safi. Rudini kwenye kesi. Mwendesha mashtaka anamhoji Tom kwa dharau, akimwita kijana kana kwamba ni mtoto, na Dill anashindwa kuvumilia, analia hadi inabidi atolewe nje. Scout anambembeleza kwa kumwambia kwamba, hata hivyo, huyo ni Mweusi tu. Binti wa Atticus Finch, aliyelelewa na Calpurnia, mwanamke Mweusi! Nje wanamkuta Dolphus Raymond, Mzungu anayeishi na mwanamke Mweusi na kujifanya mlevi ili mji upate sababu ya kumwelewa. Ndani ya mfuko wake wa karatasi mna Coca-Cola. Anasema Dill bado mdogo, lakini akikua kidogo hatalia tena.

Kwangu hapo ndipo penye moyo wa riwaya. Tumezoea kusoma kwamba Scout na Jem wanakua kwa kujifunza utu. Raymond anasema kinyume: Maycomb, kukua ni kupoteza machozi. Jem analia hukumu inapotolewa, na hatujui atakuwa mtu wa namna gani akifika thelathini. Ukikisoma hivyo, kitabu kinawahusu Wazungu na jinsi wanavyowafunza watoto wao kutokuona, na kwa kazi hiyo ni kikali kuliko sifa tamu kinazopewa. Kwa maisha ya Weusi wa Alabama ni kitabu maskini, na anayekifundisha kwa nia hiyo anawapa walimu wa Mukilteo haki yote.

Kwa hiyo sikubali kitolewe, lakini sikubali pia kikae peke yake. Mzazi Mswahili aliyeko Minnesota au Texas anaweza kukikuta kwenye begi la mwanawe, na mtoto huyo atakuwa akitafuta sura yake kwa Tom, asiyepewa nafasi ya kukua. Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred Taylor, iliyotoka mwaka 1976, inampa Cassie Logan, binti Mweusi wa Mississippi wa miaka hiyohiyo, anayesimulia kwa kinywa chake. Shuleni kwao vinaletwa vitabu vilivyochakaa baada ya kutumiwa na Wazungu, na ndani ya jalada kuna jedwali la rangi ya wanafunzi na hali ya kitabu. Mdogo wake Cassie analisoma, anakitupa kitabu chini na kukikanyaga. Kama darasa la watoto wa miaka 13 lina muda wa kitabu kimoja tu, ningechagua cha Taylor, na cha Lee ningekisogeza madarasa ya juu, kwa wanafunzi waliokwisha kujua kumshuku msimulizi.